Kuanzisha klabu ya anga shuleni Tanga: karatasi, upepo na ndege ya manila

Uingereza ina makadeti wa anga tangu mwaka 1941, na mwaka huohuo Marekani iliunda Civil Air Patrol, ambayo leo inapokea makadeti kuanzia umri wa miaka 12. Vijana wa huko wanaegemea majeshi ya anga ya nchi zao. Kijana wa Tanga anayetamani mambo hayo anaanzia kwenye klabu ya shule au kundi la skauti, na asijione amepunjwa. Sehemu kubwa ya anayojifunza kadeti mwaka wa kwanza haihitaji ndege hata moja: kusoma upepo, kusema redioni, kupanga uzito, kufuata utaratibu bila kusukumwa.

Klabu za namna hii hufa kwa kuanzia mwisho. Zinaanza na fulana zenye nembo na safari ya uwanja wa ndege, na safari ikishapita hakuna la kufanya Jumamosi inayofuata. Maelekezo haya yanakwenda kinyume chake: karatasi za ruhusa na fomu Januari na Februari, ndege ya manila mwezi wa tatu kaskazi inapolegea, masomo ya darasani wakati wa masika, na uwanja wa ndege baada ya hapo, wanachama wakiwa na maswali ya kuuliza.

Karatasi

Muoneni mkuu wa shule kabla ya kutangaza chochote ubaoni. Nendeni na ukurasa mmoja tu: jina la klabu, malengo matatu, siku na saa za kukutana, na jina la mwalimu aliyekubali kuwa mlezi. Mwalimu wa Fizikia au Jiografia ndiye anayefaa zaidi, kwa kuwa nusu ya kazi ya klabu imo ndani ya somo lake. Kama wasichana watajiunga, na wajiunge, pateni pia mwalimu wa kike, maana mzazi wa Tanga ataliuliza hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Wanachama wasizidi 24 mwaka wa kwanza. Ni idadi ambayo walimu wawili wanaweza kuihesabu kwa macho wakiwa nje ya shule. Mkianza na 60, ifikapo mwezi wa nne mtabaki 15, na hao waliobaki watakuwa wamekosa vifaa kwa ajili ya walioondoka.

Fomu ya mzazi ndiyo karatasi inayofanyiwa haraka kuliko zote, na ndiyo inayoleta balaa. Iwe na jina kamili la mwanachama kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba mbili za simu (moja isiwe ya mzazi aliyesaini, ili mmoja akikosekana mwingine apatikane), na swali la afya lililoandikwa wazi: pumu, kifafa, mzio, selimundu. Msiandike tu "ana ugonjwa wowote?", kwani wengi watajibu hapana. Selimundu iulizwe kwa jina lake. Upungufu wa maji mwilini unaweza kuamsha maumivu makali, kwa hiyo mwanachama huyo hasimamishwi juani kwa gwaride refu, anakunywa maji kila mara, na siku akitaka kupanda ndege ndogo isiyoshindiliwa hewa ndani, daktari wake aulizwe kwanza, kwa sababu oksijeni hupungua kadiri mtu anavyopanda juu.

Siku ya kukutana ipangwe baada ya kuuliza ratiba za chuo na madrasa. Ijumaa mchana haifai. Jumamosi kuanzia saa 1:00 asubuhi inafaa kwa mengi: watoto hawajachoka, jua halijakaza, na upepo wa bahari bado haujaamka, jambo ambalo mtalithamini mkianza kurusha. Ramadhani punguzeni muda na ondoeni gwaride.

Kuhusu sare, vaeni fulana ya rangi moja na kofia ya kawaida. Msivae kombati, wala nguo ya mabaka inayofanana nayo, hata kama inauzwa mtumbani kwa bei ya kutupa. Sheria ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za majeshi au zinazofanana nazo, na klabu yenye kijana mmoja aliyekamatwa kwa kombati haitapata tena ruhusa ya kwenda popote. Gwaride lenyewe dakika 15 zinatosha: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka, tembea. Lengo ni kundi lisikie amri moja na kusimama mara moja. Siku mtakapokuwa karibu na ndege yenye pangaboi linalozunguka, mtaona umuhimu wake.

Ndege ya manila

Hapa ndipo klabu inaposhika mizizi, kwa hiyo ipeni wiki nne kamili.

Kwa wanachama 20, kila mmoja akitengeneza glaida mbili, yaani ndege zinazoteleza bila injini (ya kwanza itaharibika, ndiyo ada ya kujifunza), mnahitaji karatasi 8 kubwa za manila, vijiti 200 vya mishikaki vya sentimita 30, gundi nyeupe ya mbao, rula za chuma, visu vitano vya kukatia karatasi, na udongo wa mfinyanzi wa kujaa ngumi. Vyote vinapatikana kwa kuzunguka Ngamiani asubuhi moja. Visu vihesabiwe vikitoka na vihesabiwe vikirudi.

Bawa ni kipande kimoja cha sentimita 40 kwa 6. Kabla ya kugundisha lolote, livute taratibu juu ya ukingo wa meza hadi litengeneze mgongo, yaani katikati pawe juu kuliko kingo kwa milimita 3 au 4. Mgongo huo ndio unaolipa bawa nguvu ya kuinua kwenye mwendo mdogo. Kata vijiti viwili vya sentimita 18, uvigundishe chini ya bawa, kimoja kila upande, sentimita 2 nyuma ya ukingo wa mbele. Katikati acha sentimita 1 kila upande bila kijiti. Gundi ikikauka, kunja bawa hapo katikati hadi kila ncha iinuke sentimita 4 juu ya meza. Mabawa yaliyoinuka hivyo hurudisha ndege sawa yenyewe ikilalia upande mmoja.

Kiwiliwili ni vijiti viwili vizima vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu. Kimoja peke yake hupinda. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sentimita 8 kutoka puani. Bawa la mkia ni 14 kwa 4, nalo linakaa mwisho kabisa. Pezi la wima ni 5 kwa 6, ambapo sentimita 1 inakunjwa kuwa mguu wa kugundishia. Mwisho bandika udongo puani, ukubwa wa gololi, gramu 5 hadi 6.

Sasa pima. Weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, palepale vilipo vile vijiti. Ndege ikae mlalo. Pua ikipanda, ongeza udongo. Pua ikishuka, punguza. Hapo umepata kitovu cha uzito kwenye theluthi ya mbele ya bawa. Nusu ya matatizo yote ya kurusha hutoka kwa watu walioruka hatua hii.

Irushe toka usawa wa bega, pua imeelekezwa chini kidogo, kwa nguvu ndogo, kama unayemkabidhi mtu kitu kilicho mbali kidogo. Ndege iliyotengenezwa vizuri inateleza mita 7 hadi 10 na kutua kwa tumbo. Atakayeivurumisha kama jiwe ataiona ikipanda, ikipinduka na kuvunja pua, na atalaumu gundi.

Kasoro zinajieleza zenyewe ukiziangalia kwa makini. Ndege inayoinua pua, ikasimama hewani, ikadondoka, ikainua tena kama mashua kwenye mawimbi, ina pua nyepesi: bawa linainuka mno hadi hewa inaachana na mgongo wake na nguvu ya kuinua inapotea. Ongeza udongo kidogo sana, saizi ya punje ya mchele, kisha rusha tena. Inayopiga mbizi moja kwa moja ina pua nzito, au bawa la mkia limeinamia chini ukingo wa nyuma. Inayogeukia upande mmoja kila mara ina bawa lililojipinda. Ishike mbele ya macho, uiangalie kutoka nyuma, na utaliona bawa moja limejisokota kuliko jingine.

Kujipinda huko ndio ugonjwa mkubwa wa pwani. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi na manila huunywa. Ndege iliyonyooka Jumamosi jioni, ikiachwa juu ya kabati, Jumatatu imesokoteka. Hifadhini mabawa yamelalia kitabu ndani ya mfuko uliofungwa, na kila asubuhi ya kurusha anzeni kwa kuyanyoosha kwa mvuke wa pumzi na vidole. Badilisheni kitu kimoja tu kati ya mrusho na mrusho, na andikeni: namba ya mrusho, kilichobadilishwa, mita zilizopatikana. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilimsaidia.

Sheria hiyohiyo ya uzito ndiyo inayowafanya wahudumu wa ndege ndogo, kama hizi Cessna Caravan zinazotua Tanga, kupima mizigo na kumwambia abiria akae kiti gani. Hawamdharau mtu. Wanatafuta theluthi yao ya bawa.

Upepo na daftari

Mfuko wa upepo wa viwanja vya ndege, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hauwi mfupi kuliko mita 3.6, na mdomo wake hauwi mwembamba kuliko mita 0.9. Wa klabu ufanyeni robo: urefu sentimita 90, mdomo sentimita 22 na nusu, ncha nyembamba kama sentimita 12. Kitambaa cha mwavuli uliokufa kinafaa kuliko khanga, kwa kuwa ni chepesi na hakishiki maji. Mdomo ushonewe kwenye duara la waya mgumu, vinginevyo utajifunga wenyewe. Ufungeni kwa kiungo kinachozunguka, kile wavuvi wanachotumia kwenye mishipi, la sivyo mfuko utajisokota kwenye mlingoti siku ya pili. Na mfuko usikae nyuma ya darasa: jengo la mita 4 huvuruga upepo hadi kama mita 40 upande wa pili.

Kila siku ya shule saa 9:00 alasiri mtu wa zamu anaandika upepo unatoka wapi, mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za mbingu, joto, na kama mvua imenyesha. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Saa 9 alasiri kwetu ni saa 1200 kwa saa ya dunia, mojawapo ya saa kuu ambazo vituo vya hali ya hewa duniani kote hupima kwa pamoja. Wanaoweza waongeze saa 3:00 asubuhi, ambayo ni 0600.

Kijana anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia yake nyepesi hapa. Rubani na mtabiri hutumia saa ya dunia, inayoandikwa kwa herufi Z. Chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 3: saa 3 asubuhi ni 06Z, saa 8 mchana ni 11Z. Ya usiku ongeza 15: saa 2 usiku ni 17Z. Ikizidi 23, toa 24, na kumbuka kwamba tarehe haibadiliki kwa Z hadi saa 9 usiku kwetu. Ifundisheni kwa mdomo hadi ijibiwe bila kuhesabu vidole.

Kisha someni taarifa ya hali ya hewa kama anavyoisoma rubani. Huu ni mfano wa zoezi:

HTTG 120600Z 18010KT 9999 SCT020 29/23 Q1013

HTTG ni Tanga. H ni eneo letu hili la Afrika, herufi ya pili, T, ni Tanzania, kama ilivyo HTDA ya Dar es Salaam na HTZA ya Zanzibar. Tarehe 12, saa 0600Z. Upepo unatoka nyuzi 180, yaani kusini, kwa noti 10, ambazo ni kama kilomita 18 na nusu kwa saa. Kusi hilo. Namba 9999 ina maana unaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu yamefunika sehemu 3 hadi 4 kati ya nane, kitako chake kiko futi 2,000 juu ya uwanja. Joto nyuzi 29, kiwango cha umande 23, kanieneo ya hewa hektopaskali 1013. Kosa la kawaida ni kusoma 180 kama upepo unakwenda kusini. Upepo hutajwa kwa unakotoka, na mvuvi yeyote wa soko la samaki la Deep Sea atawaambia hivyohivyo.

Redioni fundisheni alfabeti yote kuanzia Alfa, Bravo, Charlie hadi Zulu. Ndege za Tanzania zina namba zinazoanza na 5H, kwa hiyo kila mmoja ajipe namba yake ya kubuni na aitwe kwa hiyo siku nzima. Tarakimu zina matamshi maalumu: 3 ni "tri", 5 ni "faifu", 9 ni "naina", ili tano na tisa za Kiingereza zisichanganywe kwenye kelele za redio. Zoezi lisilochosha: wawili wakae wamepeana migongo, mmoja asome taarifa ya hali ya hewa, mwingine aandike na kuisoma yote tena. Kurudia ulichosikia ndiyo desturi inayookoa watu angani, na vijana wengi huiona kama kupoteza muda mpaka wanapolinganisha karatasi.

Ziara ya uwanjani

Barua iende mwezi mmoja kabla, kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku saba za kazi, fuatilieni. Iwe hivi:

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ……,
S.L.P. ……, Tanga.
Tarehe ……

Meneja,
Kiwanja cha Ndege Tanga.

YAH: OMBI LA ZIARA YA MAFUNZO YA WANAFUNZI 20

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Klabu ya Anga ya shule yetu inaomba kutembelea kiwanja chako tarehe …… au, ikishindikana, tarehe ……, kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Tutakuwa wanafunzi 20 (wasichana 9, wavulana 11) na walimu 2. Tunaomba kuona ukaguzi wa abiria na mizigo, huduma ya zimamoto na upimaji wa hali ya hewa, kadiri utaratibu wa usalama utakavyoruhusu. Orodha ya majina imeambatanishwa. Hatutapiga picha bila idhini. Mwalimu wa mawasiliano ni ……, simu ……

Tarehe mbili zinampa meneja nafasi ya kukubali moja badala ya kukataa yote. Idadi ikishaandikwa 20, wasifike 27. Hilo peke yake linaweza kufanya mrudishwe getini.

Siku yenyewe vaeni viatu vya kufunika, nywele ndefu na mitandio ifungwe barabara, kofia ziachwe ndani. Mfukoni kusiwe na karatasi za pipi wala mifuko: kitu chepesi kikipeperukia sehemu ya kuegesha ndege kinaweza kuvutwa na injini. Pangaboi linalozunguka kwa kasi halionekani, kwa hiyo hakuna anayesogelea ndege hata iliyozimwa mpaka mwenyeji aseme. Kila mwanachama aje na swali moja lililotoka kwenye daftari lake. "Mbona jana alasiri ndege ilitua ikitokea upande ule?" ni swali litakalomfanya ofisa asahau saa.

Kwa kuwa uwanja umezungukwa na makazi, klabu iwe mfano kwa mtaa: tiara zirushwe mbali na njia ya ndege, na droni isiguswe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, hata kama mjomba ameileta kutoka Dubai.

Kwa wanaotaka kuendelea

Fizikia, Hisabati na Kiingereza ndiyo miguu mitatu. Lugha ya redio kwenye safari za kimataifa ina kiwango chake: ngazi ya 4 kati ya 6 za ICAO. Kwa kanuni za shirika hilo, leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka, ya biashara miaka 18 na saa 200, na kozi zilizoidhinishwa hupunguza saa hizo. Mwongoza ndege anapewa leseni kuanzia miaka 21. Urubani una gharama kubwa mno, na ni haki kumwambia kijana hivyo mapema, pamoja na kumwonyesha milango mingine: ufundi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, na uongozaji ndege katika chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga cha TCAA, vyote Dar es Salaam. Nafasi za JKT na JWTZ hutangazwa hadharani. Anayeomba pesa kwa simu ili "akuingize jeshi la anga" ni mwizi.

Macho yapimwe mapema, pamoja na upofu wa rangi. Miwani haimzuii mtu kama inamfikisha kwenye kiwango.

Na majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Rajabu, cha kidato cha nne Rajab, na kitambulisho cha NIDA Rajabu Saidi badala ya Said, kila ofisi itakayofuata itamrudisha nyumbani. Ndiyo sababu daftari la klabu linaandikwa kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na mlezi analilinganisha na orodha ya shule kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa Baraza la Mitihani.